Damu Inaposhuka Miguuni

Malalamiko mawili husikika kila wiki katika zahanati na hospitali za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, na karibu kila mara huandikwa kama magonjwa mawili yasiyohusiana. La kwanza ni la mama aliyekaa sokoni na ndoo zake za nyanya tangu alfajiri. Ikifika jioni ndala zinambana, na akibonyeza juu ya kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo. La pili ni la mzee anayesema akiinuka kitandani macho yanafunga giza, mpaka ashike mlango. Wa kwanza anaambiwa miguu imejaa maji, wa pili anaambiwa ana presha ya kushuka, na kila mmoja anarudi nyumbani na pakiti yake ya vidonge. Mimi naona wote wawili wameleta swali moja: mishipa ya damu ya miguu hufanya nini mtu anapolala, anapokaa, anapopiga magoti na anaposimama? Swali hilo likijibiwa vizuri, tunajua nani anahitaji dawa, nani anahitaji kutembea, na nani anapewa dawa inayomzidishia shida.

Damu ina uzito, na hesabu yake si ndefu. Mtu akilala chali, moyo na nyayo zake viko karibu usawa mmoja, na presha ndani ya vena za mguu ni ndogo, kati ya milimita 10 na 15 za zebaki. Akisimama, damu yote iliyo kati ya moyo na kifundo cha mguu, zaidi ya mita moja kwenda chini, inakandamiza mishipa ya chini kwa uzito wake. Kila sentimita 13 hivi za kushuka zinaongeza milimita 10. Kwa hiyo mtu mzima wa kimo cha kawaida akisimama wima bila kutikisika, presha ya vena kwenye kifundo hufika milimita 80 hadi 100. Akikaa kitini huwa zaidi kidogo ya nusu ya hapo. Kuta za vena ni nyembamba na laini. Zikisukumwa kwa nguvu hiyo zinatanuka, na kwa muda mfupi nusu lita ya damu au zaidi inakuwa imehama kifuani na kwenda tumboni na miguuni.

Hapo ndipo matatizo yote mawili yanapozaliwa kwa pamoja. Juu, moyo unapata damu kidogo ya kusukuma, na ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Chini, presha ya vena inarudi nyuma mpaka kwenye kapilari, vile vishipa vyembamba kupita unywele, na maji ya damu yanaanza kuvujia kwenye nyama za mguu. Mtu mwenye afya kabisa akisimama kimya kwa nusu saa hupoteza kwa njia hiyo zaidi ya sehemu ya kumi ya maji ya damu yake. Kwa mujibu wa hesabu hizi, kila binadamu angepaswa kuzimia kabla ya saa nne asubuhi na kuvimba miguu kabla ya adhuhuri. Haiwi hivyo kwa sababu mishipa yenyewe inapambana.

Ulinzi wa kwanza unatoka juu. Katika ateri za shingo na katika mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisio vinavyopima jinsi ukuta unavyovutwa. Mtu anapoinuka vinagundua upungufu ndani ya sekunde chache, vinapeleka habari kwenye shina la ubongo, na amri inarudi: moyo uongeze mapigo, kwa kawaida 10 hadi 20 kwa dakika, na ateri ndogo za miguu na za tumbo zibane.

Ulinzi wa pili hausubiri amri ya ubongo, na kwangu ndio wenye maajabu zaidi. Mwaka 1902 Mwingereza William Bayliss alieleza kwamba misuli iliyo ndani ya ukuta wa ateri ikivutwa na presha hujibu kwa kujikunja. Katika miaka ya 1970 Ole Henriksen, mtafiti wa Denmark, akaonyesha jambo jingine: presha ikipanda ndani ya vena kwa milimita 25 hivi, ateri ndogo za jirani nazo zinabana, na damu inayoingia kwenye ngozi na misuli ya mguu inapungua karibu nusu. Milimita 25 ni sawa na kushusha mguu kiasi cha sentimita 35 tu chini ya moyo. Yaani ukikaa ukingoni mwa kitanda na miguu ikagusa sakafu, ulinzi huo umeshaamka. Mguu ulioning'inia unaonekana umejaa damu, na kweli umejaa, lakini damu inayoingia kila dakika ni kidogo kuliko ulipokuwa umenyooshwa kitandani. Mfereji unafungwa juu ili kapilari zisifurike. Ni mgonjwa ambaye ateri zake zimeziba sana, hasa mvutaji sigara wa miaka mingi au mwenye kisukari, ndiye anayepata nafuu usiku akiuning'iniza mguu, kwa sababu kwake uzito wa damu umekuwa msaada uliobaki.

Ulinzi wa tatu ni vali. Hii unaweza kuiona mwilini mwako sasa hivi. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya kigasha itune. Bonyeza mshipa mmoja kwa kidole karibu na kiganja, kisha kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko mpaka upite kinundu kidogo juu ya mshipa. Kinundu hicho ndicho vali. Achia kidole cha juu. Kipande ulichokimbiza damu kinabaki kimelala, damu hairudi. Achia cha chini, kinajaa papo hapo. William Harvey alichapisha jaribio hili mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu inazunguka, na vali zenyewe zilikuwa zimechorwa na mwalimu wake wa Padua, Fabricius, mwaka 1603. Miguuni vali ni nyingi zaidi, nazo huigawa ile safu ndefu ya damu vipande vipande. Lakini vali haisukumi kitu. Inazuia tu kurudi nyuma, na mtu akisimama kimya damu inayoendelea kuingia kutoka kwenye ateri inazifungua zote, na safu inakuwa moja tena. Kinachohitajika ni msukumo, na msukumo unatoka kwenye shavu la mguu.

Anayetaka kuona pampu ya shavu la mguu ikifanya kazi aende mahali wanapokamua lubisi, pombe ya ndizi, kwa njia ya zamani. Ndizi mbivu zinamenywa na kumwagwa katika hori refu la mti lililochongwa kama mtumbwi, zinachanganywa na nyasi, na wanaume wanaingia miguu mitupu kukanyaga. Tazama mguu mmoja tu. Kisigino kinainuka, msuli wa nyuma unajikunja na kuwa mgumu, kisha wayo unashuka na kuzama kwenye ndizi na msuli unalegea. Kila ukijikunja unakamua vena kubwa zilizozama ndani yake. Vali za chini zinafunga, za juu zinafunguka, na damu inapanda kuelekea pajani. Ukilegea, vena hizo zinavuta damu ya wayo na ya ngozi. Hatua kama kumi zinatosha kuishusha presha ya kwenye kifundo kutoka 90 hadi 20 au 30. Akisimama kupumzika, mishipa yenye vali nzima huchukua zaidi ya sekunde 20 kujaa tena. Anaweza kuwa wima muda mrefu, jasho likamtoka, na bado vifundo vyake vikabaki vyembamba.

Kwa hiyo tukisema kazi ya kusimama inaharibu miguu, tunalaumu kisichohusika. Kinachodhuru ni kutulia. Mkulima anayeshinda kibanjani akipogoa migomba na kuchuma kahawa yuko wima siku nzima, lakini kila baada ya muda mfupi anahama shina. Anayepanda na kushuka miinuko ya Kamachumu na mzigo kichwani anaipigisha pampu yake kazi kubwa. Wanawake wanaoanika dagaa kwenye mialo ya Bukoba na visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba wanainama na kutembea juu ya mchanga. Mgongo utawauma kabla ya vifundo. Upande wa pili kuna mlinzi wa getini, mwalimu aliyeganda mbele ya ubao, muuguzi wa chumba cha upasuaji, muuza duka aliye nyuma ya kaunta, mama wa sokoni juu ya kigoda, na dereva wa bodaboda anayengoja abiria saa nzima magoti yamekunjwa juu ya pikipiki. Hata kwa mafundi cherehani tofauti ipo. Anayekanyaga pedali anajikamulia damu bila kujua, wakati mwenzake aliyenunua mashine ya umeme amepata kasi na kuiacha miguu yake ikilala.

Wanafunzi wanaoanguka kwenye paredi ya asubuhi ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mtoto hajanywa chai, jua limeanza kuwaka na kuitanua mishipa ya ngozi, hotuba imekuwa ndefu, na ameamriwa asitikisike. Nusu lita iko miguuni na hakuna pampu. Anapauka, anatokwa jasho la baridi, anadondoka. Kuanguka huko kunamrudisha kwenye mlalo, na mlalo unairudisha damu moyoni. Wanaomkimbilia wakamwinua na kumkalisha kitini wanamrudisha kwenye hatari ileile. Alazwe chini palepale, miguu yake iinuliwe juu ya begi, na kwa hilo tu damu karibu theluthi moja ya lita inarudi kifuani. Anayehisi dalili kabla hajaanguka apishanishe miguu na kukaza mapaja na makalio kwa nguvu, akiwa bado mstarini. Walimu wangefundisha hilo siku ya kwanza ya muhula.

Kukaa nako kuna kisa chake. Mwaka 1940, London ikipigwa mabomu na Wajerumani, watu walilala kwenye mahandaki wakiwa wameketi juu ya viti vya kukunja, ukingo wa kiti umekandamiza nyuma ya mapaja usiku kucha. Daktari Keith Simpson aligundua kwamba baadhi yao walikuwa wakifa ghafla asubuhi kwa bonge la damu lililojitengeneza mguuni na kusafiri hadi mapafuni, akaandika habari hiyo katika jarida la Lancet. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulihitimisha kwamba safari ya zaidi ya saa nne bila kutembea, iwe ya ndege, treni, basi au gari, huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa kijana mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo sana. Lakini basi la Bukoba kwenda Dar es Salaam linapita zaidi ya kilomita 1,400, na ndani yake wamo mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, na mwenye saratani anayekwenda kutibiwa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road. Hao ndio wa kuambiwa wakanyage visigino na vidole pale walipoketi kila baada ya muda, wanywe maji, na wateremke kila basi linaposimama hata kama hawana haja ya choo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari hiyo, hiyo si dalili ya uchovu.

Kuchuchumaa na kupiga magoti kuna mwenendo wake. Mtu akichuchumaa, mapaja yanaikandamiza miguu, vena zinakamuliwa, damu inarudi moyoni kwa wingi, na presha inapanda. Lakini nyuma ya goti ateri imejikunja na nyama za chini zimekaa na njaa ya damu. Akiinuka, milango yote inafunguka mara moja: damu inakimbilia miguuni kulipa deni, na presha inaporomoka kwa sekunde kadhaa kabla ulinzi haujawahi. Katika Uhaya, ambako mwanamke huwapigia magoti wakubwa wake anapowasalimu, msichana huinuka na kwenda zake bila kuhisi lolote. Bibi yake mwenye miaka 75 hushika kwanza kiti, na ana sababu. Vihisio vya shingoni vinachelewa uzeeni, mishipa imekuwa migumu, na huenda anatumia dawa mbili za presha. Watu wa namna yake huanguka kwa urahisi chooni, kwa sababu huko mara nyingi hakuna cha kushika. Ukuta wa choo ukiwekwa nguzo au kipande cha bomba cha kujiinulia, umezuia nyonga kuvunjika.

Usiku ndipo mambo haya yanapokutana kwa mtu mmoja. Maji yaliyovujia miguuni mchana hayakai huko milele. Mtu akilala, presha ya vena inashuka, maji yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, na saa nane za usiku kibofu kimejaa. Mwenye miguu inayovimba ndiye huyohuyo anayeamka mara mbili tatu kukojoa. Anatoka kwenye blanketi lenye joto, mishipa ya ngozi imetanuka. Kama alikunywa lubisi au gongo jioni, pombe imezilegeza ateri zake zisibane kama inavyotakiwa. Anasimama ghafla, anatembea gizani, anachuchumaa, anainuka. Ushauri wa kuinua miguu juu ya mto kwa nusu saa kabla ya magharibi unaonekana mdogo, lakini unayatoa maji hayo mapema, wakati bado kuna mwanga na watu wako macho. Naye akiamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda, akanyage sakafu mara ishirini, ndipo asimame.

Hapo pia tunaona kwa nini mgawanyo wetu wa presha ya kupanda na presha ya kushuka unapotosha. Watu wanaamini ni magonjwa mawili ya watu wawili. Wazee wengi wanayo yote: wakiwa wamelala ni 170, wakisimama ni 135, na kipimo cha mezani, mgonjwa akiwa amekaa, hakionyeshi kwa hakika hili wala lile. Madaktari wanakubaliana kwamba namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, hilo ni tatizo la kushughulikiwa. Kulijua kunahitaji mashine ileile ya mezani na dakika nane hivi: tano mgonjwa akiwa amelala, kisha kupima akiwa amesimama dakika ya kwanza na ya tatu. Kwa mzee, kwa mwenye kisukari, na kwa yeyote aliyewahi kuanguka, naona kutokufanya hivyo ni kumtibu nusu. Mwenye kisukari ameongezwa hapo kwa sababu ugonjwa huo unaharibu nyuzi ndogo za neva, na ule ulinzi wa Henriksen unadhoofika: mguu unashuka, ateri hazibani, kapilari zinafurika.

Jambo hilohilo linatokea kwa dawa, na hapa ndipo ningependa wahudumu wenzetu wa afya watulie kidogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Wengi wanaotibiwa wanapewa amlodipini, dawa nzuri, ya bei nafuu, ya kidonge kimoja kwa siku. Inafanya kazi kwa kuilegeza misuli ya ateri ndogo. Lakini misuli hiyo ndiyo inayobana mguu unaposhuka. Ikilegezwa, presha kamili inafika kwenye kapilari huku vena zikibaki jinsi zilivyokuwa, na vifundo vinavimba, hasa dozi ikiwa kubwa na mgonjwa akiwa mtu wa kukaa au kusimama kimya. Mgonjwa anarudi na malalamiko, anaonekana amejaa maji, anaongezewa furosemaidi, yaani Lasix. Hakuna maji ya ziada mwilini mwake. Yamehama tu mahali. Lasix inayakamua yaliyo ndani ya mishipa, kifundo kinabaki kilivyo, na sasa kila akisimama anapata kizunguzungu. Kinachofaa ni daktari kupunguza dozi au kuongeza dawa ya kundi linalozilegeza vena pia, kama enalaprili au losatani. Mgonjwa asiache vidonge kwa uamuzi wake; amwambie daktari uvimbe ulianza lini na kidonge kilianza lini.

Wapo ambao vali zao zimekwisha kuharibika, kwa kurithi, kwa mimba nyingi au kwa bonge la damu la zamani. Mishipa inajitokeza na kujipinda, ngozi ya juu ya kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, na baadaye kidonda kinachokataa kupona. Kwao hata kutembea hakuishushi presha ya kutosha, na wanahitaji kubanwa kwa nje. Twiga amepewa kinga hiyo kwa kuzaliwa. Presha ya moyo wake ni karibu mara mbili ya yetu, miguu yake ni mirefu kuliko mtu mzima, na bado haivimbi. Alan Hargens na wenzake walieleza mwaka 1987 kwamba ngozi na tishu zake za mguu zimebana mno, hazitoi nafasi kwa maji kuvujia. Soksi za kubana na bandeji ya mpira vinaiga ngozi hiyo. Bandeji ifungwe asubuhi kabla mgonjwa hajashusha miguu kitandani, ikaze zaidi chini na kulegea kadiri inavyopanda, na isifungwe kabisa kabla mhudumu hajapapasa mapigo ya ateri juu ya wayo. Mguu usio na mapigo ukibanwa unaweza kuoza.

Uvimbe wa mkao una tabia yake: uko miguu yote miwili, unaongezeka jioni, na asubuhi umepungua sana au umekwisha. Unaobaki vilevile asubuhi una chanzo kingine, nacho kinaweza kuwa moyo, figo au ini. Kagera ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walikoripotiwa, mwaka 1983, na mpaka leo mguu uliovimba ukawa mgumu, wenye vinundu vyeusi au vya zambarau, unapaswa kumkumbusha mhudumu saratani ya Kaposi, inayoandamana na UKIMWI, kabla hajaandika kitu kingine. Mjamzito wa miezi ya mwisho huvimba vifundo kwa sababu mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, na kulalia ubavu wa kushoto kunamsaidia. Akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma au macho yakaona ukungu, hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia, na anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo.